Kura zinazopanda mchezaji akiwa amekaa: jinsi besiboli inavyochagua magwiji wake

Tarehe 21 Januari 2020, saa chache kabla ya matokeo ya kura ya Ukumbi wa Magwiji kutangazwa, Larry Walker, mchezaji mstaafu wa besiboli, aliandika mtandaoni kwamba anaona kura zake zitapelea kidogo, akawashukuru waliompigania. Hakujipanga kwa sherehe yoyote. Jioni ile simu ikaita kweli, na kamera za televisheni zilipomfikia alikuwa amevaa shati lenye picha za SpongeBob, yule kikaragosi wa manjano wa watoto.

Walker aliweka gongo chini mwaka 2005. Tangu hapo hakupiga mpira wa ushindani hata mmoja. Lakini mwaka 2014 waandishi wa habari waliompigia kura walikuwa asilimia 10.2, mwaka 2019 wakafika asilimia 54.6, na jioni ile ya shati la SpongeBob wakawa asilimia 76.6. Takwimu zake za uwanjani ni zile zile, hazikuongezeka wala kupungua. Sasa nini kilipanda?

Ukipata jibu la swali hilo utakuwa umeuelewa uchaguzi wa Ukumbi wa Magwiji wa Besiboli wa Marekani. Kwa macho ya haraka ni jambo jepesi: mtu alicheza vizuri, akastaafu, akachaguliwa. Ndani yake kuna foleni, hesabu za mafungu, kinyongo, huruma, na wazee wanaokaa chumbani kuwakumbuka wenzao.

Tuanze na mahali penyewe. Cooperstown ni kijiji cha jimbo la New York, kando ya ziwa Otsego, chenye wakazi wasiofika 2,000. Ukumbi uko huko kwa sababu ya hadithi ambayo leo hakuna mwanahistoria makini anayeikubali. Mwanzoni mwa karne ya 20 tume moja ilitangaza kwamba besiboli ilibuniwa hapo mwaka 1839 na Abner Doubleday, mtu aliyekuja kuwa jenerali. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, wala hakuwahi kudai kwamba amebuni mchezo wowote. Ila kijiji kilikuwa na tajiri wake, Stephen C. Clark, aliyenunua mpira mmoja mkuukuu kwa dola 5, akauweka kwenye maonyesho, na kutoka hapo wazo la makumbusho likakua. Utajiri wa Clark ulitoka kwa babu yake, mshirika wa Isaac Singer katika biashara ya cherehani. Naam, Singer zile zile za mafundi wetu wa barazani. Sijui kama kuna fundi wa Kariakoo aliyewahi kuambiwa kwamba pedeli anayoikanyaga ina undugu na kibao cha shaba cha Babe Ruth, gwiji mkuu wa zamani wa besiboli, kilichomo Ukumbini.

Ukumbi ulifunguliwa Juni 1939, ila kura ya kwanza ilikuwa imepigwa tangu 1936. Jambo la kushika hapa ni kwamba Ukumbi si mali ya ligi. Ni makumbusho ya kujitegemea yenye bodi yake, na bodi hiyo ndiyo inayotunga kanuni. Kazi ya kupiga kura imewakabidhi waandishi wa habari. Mashabiki hawapigi, wachezaji wa sasa hawapigi, wenye timu nao hawapigi, angalau kwa mlango wa mbele. Mlango wa nyuma tutaufikia.

Karatasi yenye majina na visanduku

Ili jina liingie kwenye karatasi, mchezaji awe amecheza misimu isiyopungua 10 katika Ligi Kuu ya besiboli na awe amekaa nje miaka 5. Muda huo wa kusubiri uliwekwa ili mapenzi ya siku ya kuagana yapoe. Ulilegezwa kwa Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Waandishi walimpigia kura maalumu mwaka 1973, na tangu hapo mchezaji anayefariki hasubirishwi miaka 5. Baada ya hapo kamati ndogo ya waandishi 6 hupitia majina, na wawili wakikubaliana tu, jina linaingia. Chujio lenyewe lina matundu makubwa.

Mpiga kura ni mwanachama wa Chama cha Waandishi wa Besiboli cha Marekani aliyedumu ndani yake miaka 10 mfululizo. Novemba anapokea bahasha. Ndani mna karatasi yenye majina, na kando ya kila jina kisanduku kidogo. Anatia alama kwenye majina yasiyozidi 10, anaweka sahihi, anairudisha kwa posta kabla mwaka haujaisha. Hii ni nchi iliyouza simu janja dunia nzima, lakini magwiji wake wa besiboli bado wanategemea stempu.

Mtu huchaguliwa akipata robo tatu ya karatasi zilizorudishwa. Akipata chini ya asilimia 5, jina lake linafutwa na halirudi tena kwenye karatasi hiyo. Akiwa katikati, anarudi mwaka unaofuata, hadi miaka 10 iishe. Zamani ilikuwa miaka 15. Mwaka 2014 bodi ilikata mitano, na Walker alikuwa mmoja wa waliokatiwa muda wakiwa tayari njiani.

Robo tatu ni mlima kuliko inavyosikika. Wagombea hawashindani wao kwa wao kama kwenye ubunge, ambako aliye mbele ya wenzake hupita hata kwa asilimia 40. Hapa kila mmoja anashindana na mstari. Mwaka 2021 hakupita hata mmoja. Curt Schilling aliongoza kwa kura 285 kati ya 401, wakati zilihitajika 301. Tena mwaka huo waandishi 14 walirudisha karatasi tupu, bila alama hata moja, na karatasi tupu inahesabika kwenye jumla. Kwa hiyo mwandishi asiyemchagua yeyote hajakaa pembeni. Amempandishia kila mgombea kizingiti. Hata ukizitoa hizo 14, Schilling angefika asilimia 73.6. Angekosa vilevile, ila kwa karibu zaidi.

Foleni

Ukomo wa majina 10 ndio unaopotosha mambo kuliko kanuni nyingine yoyote. Mwandishi anayeona wagombea 14 wanafaa atafanya nini? Ataacha wanne. Yupi wa kuachwa? Hapo ubora unawekwa kando na ujanja unaanza. Wapo waliomwacha mchezaji ambaye wana hakika atapita bila wao, ili nafasi yake wampe mwenzake aliye hatarini kushuka chini ya asilimia 5. Wengine humpa kura mtu aliye kwenye mwaka wake wa mwisho, wakijua wa mwaka wa kwanza anaweza kungoja.

Mwaka 2013 foleni ilijaa pomoni. Waliingia kwa mara ya kwanza Barry Bonds, Roger Clemens, Sammy Sosa, Mike Piazza, Craig Biggio na Schilling, wote kwa mkupuo. Hakupita yeyote. Kenny Lofton, mkimbiaji wa viwango vya juu kabisa, alipata asilimia 3.2 akafutwa mwaka huo huo, na ni vigumu kuamini kwamba angefutwa kwenye karatasi yenye nafasi. Mwaka uliofuata wakaongezeka Greg Maddux, Tom Glavine na Frank Thomas, ambao wote watatu walipita palepale. Biggio alikwama kwenye asilimia 74.8. Alipungukiwa kura 2.

Huo ndio mwaka ambao Walker aliporomoka hadi asilimia 10.2. Mawazo ya waandishi juu yake hayakuwa yamebadilika sana. Alikosa kiti tu kwenye basi lililojaa. Kuanzia 2014 hadi 2019 waandishi walichagua watu 20, na kila aliyeshuka aliacha nafasi.

Sababu ya pili ilihusu wapiga kura wenyewe. Hadi 2015, mwandishi aliyewahi kutimiza miaka yake 10 aliendelea kupiga kura maisha yake yote, hata kama kazi ya besiboli aliiacha zamani akahamia gofu au akastaafu kabisa. Bodi ikaamua: ukikaa nje ya kazi zaidi ya miaka 10, haki inaisha. Karatasi zilizorudishwa zikashuka kutoka 549 mwaka 2015 hadi 440 mwaka 2016. Waliobaki walikuwa wengi wao vijana kidogo, waliozoea takwimu mpya.

Na takwimu mpya ndizo zilizomwokoa Walker. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Denver, mji ulio mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Nairobi. Hewa nyepesi haiuzuii mpira, kwa hiyo unapaa mbali, na mpigaji wa kawaida anaweza kuonekana shujaa. Wazee walizitazama namba zake wakasema ni namba za mlimani. Vijana walikuwa na hesabu zinazopunguza faida ya uwanja, na baada ya kupunguza, Walker bado alibaki juu, pamoja na ukimbiaji na mkono wake wa kurusha kutoka upande wa kulia. Kwa hiyo hakupanda yeye. Waliopanda ni wasomaji wa namba zake.

Kuna na jambo la tatu ambalo halimo kwenye kanuni yoyote. Waandishi wengi siku hizi huweka picha za karatasi zao mtandaoni kabla ya matokeo, na mashabiki wanazikusanya kwenye jedwali moja moja hadi siku ya mwisho, kama watu wa vituo vya kura wanaojumlisha fomu. Walker alikuwa juu ya asilimia 80 kwenye jedwali hilo. Alijua, kama kila mfuatiliaji, kwamba waandishi wasioonyesha karatasi zao huwa wagumu zaidi, ndiyo maana aliandika kwamba atapelea. Alihitaji 298. Akapata 304.

Kura moja inayokosekana

Watu wa nje huulizwa swali hili wakashindwa: nani alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kwa kura zote? Wanajibu Babe Ruth. Mwaka 1936 Ruth alipata 215 kati ya 226, maana yake waandishi 11 walimtazama mtu yule wakaona bado. Willie Mays alikosa kura 23 mwaka 1979, Hank Aaron akakosa 9 mwaka 1982. Desturi ilijijenga kwamba kama Ruth hakupata zote, basi asipate mtu. Ni hoja ya kitoto, lakini iliishi miaka 80 na zaidi, hadi mwaka 2019 Mariano Rivera wa Panama, mtupaji wa mpira aliyeingizwa mwishoni ili kufunga mechi, alipopata 425 kati ya 425.

Mwaka uliofuata, jioni ile ile ya Walker, Derek Jeter akapata 396 kati ya 397. Aliyemnyima hakujitokeza. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Ichiro Suzuki wa Japani: 393 kati ya 394. Ichiro alilichukua kwa utani. Akasema angependa kumkaribisha mwandishi huyo nyumbani kwake wanywe na kuongea. Ilipofika Julai, kwenye hotuba yake ya Kiingereza pale Cooperstown, akatangaza kwamba muda wa mwaliko umekwisha.

Maneno matatu yaliyoandikwa kwenye kanuni

Kanuni inawataka wapiga kura watazame rekodi ya mchezaji, uwezo wake, mchango wake kwa timu, na pia uadilifu, uungwana wa michezo na tabia. Maneno hayo matatu ya mwisho yalikaa kimya kwa miongo mingi. Ndani ya Ukumbi wamo walevi, wamo wabaguzi, wamo waliokiri kuupaka mpira mate kinyume cha sheria. Kisha zikaja dawa za kuongeza misuli, na kila mwandishi akageuka kadhi.

Bonds alipiga homurani 762, yaani mipira iliyovuka uzio mara 762, idadi ambayo hajaifikia mwingine katika Ligi Kuu. Clemens alishinda mara 7 tuzo ya mtupaji bora. Hakuna kati yao aliyefungiwa na ligi kwa dawa, kwa kuwa upimaji wenye adhabu ulianza mwaka 2004, jua lao likielekea kuzama. Ushahidi dhidi yao ulitoka kwenye uchunguzi na mahakama, na ripoti ya mwaka 2007 iliyoagizwa na ligi iliwataja wote wawili. Kwa miaka 10 kura zao zilitembea bega kwa bega, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Mwishoni mwa 2016 Bud Selig, kamishna aliyeiongoza ligi katika zama hizo hizo za dawa, akachaguliwa kuingia Ukumbini. Baadhi ya waandishi wakajiuliza: mwenye shamba akiwa ndani, kibarua anazuiwaje? Bonds akaruka kutoka asilimia 44.3 hadi 53.8. Mwaka wa 10, yaani 2022, Bonds alikomea asilimia 66.0 na Clemens 65.2. Mwaka huo huo David Ortiz akapita mara ya kwanza tu, ingawa gazeti moja lilikuwa limeripoti mwaka 2009 kwamba jina lake limo kwenye orodha ya majaribio ya 2003 yaliyotakiwa kubaki siri. Ortiz alikana, na kamishna aliyemfuata Selig alisema majibu ya majaribio yale yana utata. Mimi naona tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwamba Ortiz anapendwa, na Bonds hakuwahi kujali kupendwa, hasa na waandishi.

Mlango wa nyuma

Aliyekosa kwa waandishi anaangukia kamati. Siku hizi ni watu 16, mchanganyiko wa magwiji walio hai, viongozi wa timu na waandishi au wanahistoria. Wanakutana Desemba, wanaletewa majina 8, na kila mmoja anaruhusiwa kura zisizozidi 3. Kupita ni kura 12. Piga hesabu: watu 16 mara 3 ni kura 48, kwa hiyo hata wakizitumia zote, haiwezekani wakapita zaidi ya wanne. Zama zinapokezana kwa mzunguko wa miaka mitatu: mwaka mmoja wachezaji wa tangu 1980, mwaka wa pili makocha, waamuzi na viongozi wa zama hizo, mwaka wa tatu watu wa kabla ya 1980.

Chumba kidogo kina faida na madhara yake. Frankie Frisch, akiwa kwenye kamati ya wakongwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, alisaidia kuwaingiza kadhaa aliocheza nao. Mwaka 2018 aliingia Harold Baines, ambaye kwa waandishi hakuwahi kuvuka asilimia 6.1. Alipata kura 12 kamili, na kati ya wajumbe 16 walikuwemo kocha wake wa zamani na mmiliki wa timu aliyoichezea miaka mingi. Baines mwenyewe alionekana kushangaa.

Lakini bila kamati za namna hii, Ukumbi ungekuwa na aibu kubwa zaidi. Wachezaji weusi walizuiwa kucheza Ligi Kuu hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Wangezipata wapi misimu 10? Mwaka 1966 Ted Williams, nyota wa Ligi Kuu aliyekuwa akipokea heshima yake, alitumia hotuba yake fupi kusema kwamba Satchel Paige na Josh Gibson, nyota wa ligi walizocheza Weusi peke yao, nao wanastahili. Mwaka 1971 Ukumbi ulikubali kumweka Paige, awali kwenye sehemu ya pembeni, na kelele zilipozidi akapewa hadhi kamili. Mwaka 2006 kamati maalumu iliingiza watu 17 wa ligi za Weusi kwa mara moja, akiwemo Effa Manley, mmiliki wa timu na mwanamke pekee aliye Ukumbini hadi leo. Buck O'Neil, mzee wa miaka 94 aliyezitangaza ligi hizo kuliko mtu yeyote, hakuchaguliwa. Alikwenda Cooperstown vilevile, akasimama kuzungumza kwa niaba ya hao 17, akaimba na umati. Alifariki Oktoba mwaka huo. Kura zake zilitimia Desemba 2021.

Dick Allen, mchezaji mwingine aliyepelekwa kwenye kamati, alipungukiwa kura moja mwaka 2014. Akafariki Desemba 2020. Mwaka 2021 akapungukiwa tena kura moja. Desemba 2024 akapata 13, na mwenzake Dave Parker, aliyeugua Parkinson kwa miaka mingi, akapata 14 akiwa bado hai kuzisikia. Sherehe ilipangwa tarehe 27 Julai 2025.

Kwa wengine mlango unazidi kubanwa. Desemba 2025 kamati ilimpitisha Jeff Kent, wakati Bonds na Clemens hawakufikisha kura 5. Kwa kanuni mpya, asiyefikisha 5 anaruka mzunguko mzima, kwa hiyo mapema kabisa wanaweza kurudi 2031, na wakishindwa tena namna hiyo hawaletwi tena. Pete Rose, mwenye mapigo 4,256, mengi kuliko ya mtu yeyote katika Ligi Kuu, alifungiwa maisha mwaka 1989 kwa kucheza kamari kwenye mechi, na mwaka 1991 bodi ikaamua kwamba aliyefungiwa hawezi kuwekwa kwenye karatasi. Alifariki Septemba 2024. Mei 2025 kamishna akatafsiri kwamba kifungo cha maisha kinaisha na maisha. Kamati ya zama zake inakutana Desemba 2027.

Parker hakuifikia Julai. Alifariki tarehe 28 Juni 2025, siku 29 kabla ya sherehe. Mtoto wake ndiye aliyepanda jukwaani Cooperstown, akasoma shairi ambalo baba yake alikuwa ameliandika kwa ajili ya siku ile.